Hakuna Aliyesema Uongo

Siku tulipouza pikipiki ya baba, tulikuwa watu watatu uani: mnunuzi, baba mdogo na mimi. Mnunuzi aliuliza kama pikipiki ina kasoro yoyote. Baba mdogo akajibu kwamba iko sawa, na alisema hivyo kwa moyo mweupe kwa sababu hakujua lolote. Mimi nilijua, lakini hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mnunuzi akahesabu pesa, akawasha, akaondoka. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi, neno kwa neno, na sijaona mahali ambapo mtu alitamka uongo. Hata hivyo mtu alidanganywa. Katika insha hii nataka kueleza jambo hilo liliwezekanaje, na aliyemdanganya ni nani.

Naomba wasomaji, hasa walimu wangu, wanivumilie kwa habari za spana na grisi kabla sijafika kwa wanafalsafa. Bila spana swali lenyewe halieleweki.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo katika vijiji vilivyo karibu na mpaka wa Busia, upande wa Uganda. Pikipiki yake ilikuwa Yamaha AG100, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashambani: ina kerio mbele na nyuma, mnyororo wake umefunikwa wote usiingiwe na matope, na ina stendi kila upande ili isimame hata kwenye mteremko. Injini yake ni ile inayochoma oili pamoja na petroli, ambayo mafundi huiita tu-stroki. Mradi aliokuwa akiufanyia kazi ulipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kununua vyombo walivyokuwa wakivitumia, na baba akanunua chake. Baadaye macho yake yakaanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, akaacha kuendesha. Pikipiki ikakaa chini ya ghala la mahindi miaka miwili, kuku wakitaga kwenye kerio.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa msichana wa sekondari asiye na la kufanya. Wasomaji wa nchi jirani huenda hawakumbuki kwamba Uganda ilifunga shule muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani: tangu Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho wenzangu wengine waliolewa, wengine walichoma maandazi ya kuuza. Mimi niliifungua pikipiki.

Baba alikuwa akiketi kwenye kigoda karibu nami, haoni vizuri ninachofanya, lakini anasikia. Nilimwelezea kwa mdomo ninachokiona, naye akaniambia cha kufanya. Nilianza na kabureta. Petroli iliyolala miaka miwili ilikuwa imeganda kama gundi na kuziba jeti, kile kitundu chembamba ambacho mafuta hupita. Nilitaka kukizibua kwa waya, baba akanikataza: waya hupanua tundu, na tundu likipanuka injini itakunywa mafuta maisha yake yote. Akanipa unyasi wa ufagio. Nilijifunza kusoma plagi: ikiwa nyeusi na mbichi, mafuta ni mengi au kuna oili inapoingia isipotakiwa; ikiwa nyeupe, injini inapata moto kupita kiasi; ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni mazuri. Nilijifunza kwamba injini ikiachiwa gesi halafu ikaendelea kulia kwa juu badala ya kushuka, inakula hewa mahali fulani, pengine kwenye sili ya krenki upande wa magneti. Baba aliyajua hayo yote kwa sikio. Mara nyingine alikuwa akisema "imekula hewa" kabla mimi sijagundua kwamba sauti imebadilika.

Ilituchukua miezi minne kwa sababu kila kipuri kilisubiri pesa. Ilipowaka, mama alitoka jikoni akidhani ni mgeni.

Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa fundi wa chombo kile na pia dereva wake. Nilikipeleka sokoni na matunguu, nikakipeleka kisimani, nikampeleka baba zahanati. Na hapa ndipo breki ya nyuma inapoingia.

Breki ya pikipiki kama ile iko ndani ya habu ya gurudumu. Kuna viatu viwili vya nusu duara, ambavyo mafundi huviita shuu, vimebandikwa bitana kwa nje. Ukikanyaga pedali, rodi huvuta mkono, mkono huzungusha kipande cha chuma kiitwacho kamu kilicho katikati ya ncha za shuu, na kamu huzisukuma shuu zitanuke na kusugua dramu. Bitana huliwa. Dramu nayo huliwa, polepole zaidi. Kadiri vinavyoliwa, ndivyo unavyolazimika kukaza nati iliyo mwisho wa rodi ili pedali isizame. Nati hiyo ni kama kauli ya breki kwa mtu aliye nje: ikiwa imeingia hadi mwisho wa uzi, ujue ndani kumekwisha.

Mwanzoni mwa 2023 nati yetu ilikuwa imefika mwisho. Nilifungua, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi (baba alinikataza kabisa kulipuliza kwa mdomo, kwa sababu bitana za zamani zilikuwa na asbestosi na vumbi lake huua mapafu), nikaona kwamba bitana bado zina nyama kidogo lakini dramu imeliwa hadi imekuwa na ukingo unaoshikika kwa ukucha. Shuu mpya peke yake zisingesaidia sana. Habu nzima ilihitajika, na habu ya AG100 si kitu cha kukipata kwenye kila duka la vipuri. Maduka yetu yamejaa vipuri vya Bajaj. Fundi mmoja wa senta alinionyesha njia ya mkato: unakata kipande cha bati, unakikunja kwenye ncha ya kila shuu pale inapokutana na kamu. Bati linajaza pengo. Shuu zinasogea nje, breki inashika tena, na nati inarudi katikati ya uzi kana kwamba kila kitu ni kipya.

Njia hiyo inafanya kazi. Lakini bati halikushikwa na kitu isipokuwa mkunjo wake. Likilegea na kuchomoka, pedali itazama bila kushika chochote, au bati litanaswa kati ya shuu na dramu na gurudumu litagoma ghafla. Nilimweleza baba. Alifikiri, akasema, "Sawa. Hiyo ni ya kutufikisha sokoni, si ya kumuuzia mtu." Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: nilifungua gurudumu kila mwisho wa mwezi kuangalia bati, nilishuka mteremko wa mtoni kwa gia ya kwanza, nilitegemea zaidi breki ya mbele, sikubeba watu wawili. Kwa miezi sita hapakuwa na tatizo.

Kisha nikapata nafasi ya chuo kikuu, na katika majuma yaleyale hospitali ikasema macho ya baba yanaweza kupasuliwa. Kitu pekee cha thamani tulichokuwa nacho, ukiacha ng'ombe mmoja, kilikuwa pikipiki. Baba alikuwa hospitalini mnunuzi alipokuja. Ndiyo maana alipokewa na baba mdogo.

Alikuwa kijana wa bodaboda kutoka upande wa Tororo, mwenye adabu. Kwa kuwa hakujua Kisamia, mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Alikagua vizuri, kwa kweli alikagua kuliko wengi. Aliwasha injini ikiwa baridi, akaangalia rangi ya moshi, akatikisa usukani, akashika gurudumu la mbele kusikiliza beringi. Alipofika nyuma aliinama, akaitazama nati ya breki katikati ya uzi wake, akatabasamu: "Breki bado changa." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Mzee, haina ila?"

"Iko sawa kabisa. Huyu binti huenda nayo sokoni kila juma."

Hapo walinitazama wote wawili, nami nikatazama sinia. Bei ilikuwa shilingi 1,250,000.

*

Swali langu si geni. Miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita Cicero, mwanasheria na mwandishi wa Roma, aliandika kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu yake ya tatu akaeleza kisa cha mfanyabiashara wa nafaka. Mtu huyo ametoka Alexandria na shehena, anafika kisiwa cha Rhodes penye njaa. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze na kuuza ghali? Cicero anawapa maneno wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babylon na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimisha kuzitaja, asidanganye, basi. Kunyamaza si kuficha. Antipater anasema binadamu wameumbwa wasaidiane, na kwa hiyo mnunuzi asikose kujua kitu ambacho muuzaji anakijua. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater, lakini anaongeza tofauti muhimu: si kila kunyamaza ni kuficha. Unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, wasijue wale ambao kujua kungewafaa.

Nilipojadili kisa changu na wenzangu wa bweni, wengi walikuwa wafuasi wa Diogenes bila kumjua. Walisema: alikuwa na macho, alikuwa na spana, angefungua gurudumu mwenyewe. Mmoja alisema kwamba anayenunua kitu cha zamani ananunua na uzee wake. Hoja hii ina nguvu, na siwezi kuipuuza. Mtu hawezi kununua pikipiki iliyozaliwa kabla yake halafu ashangae kwamba imechakaa. Thomas Aquinas, aliyeishi karne ya 13, anakubali jambo hilo kwa mfano wa farasi mwenye jicho moja: kasoro ambayo kila mtu anaiona, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei ipungue inavyostahili. Lakini kasoro iliyofichika, tena inayoweza kuleta hatari au hasara, ni lazima aiseme.

Sasa, breki yetu ilikuwa farasi wa namna gani? Kabla ya bati, ilikuwa chongo ya wazi. Nati mwisho wa uzi ingemwambia kijana yule kila kitu; angeitazama mara moja na kukunja uso. Baada ya bati, nati ilimwambia kwamba ndani ni kupya. Mimi sikukaa kimya tu, kwa maana hiyo. Mikono yangu ilikuwa imeshasema, miezi sita kabla hajafika, na ilisema jambo lisilo kweli kwa lugha ambayo fundi yeyote anaielewa. Wenzangu Waislamu walinikumbusha kisa cha Mtume aliyepita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini nafaka mbichi haikuwekwa juu watu waione. Mfanyabiashara yule naye, ukimsikiliza vizuri, hakusema uongo wowote.

Kuna mtu atasema: lakini wewe hukuweka bati ili umdanganye mtu, uliliweka ili uende sokoni. Kweli. Na hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, kwa sababu kitendo kilekile, bati lilelile, halikuwa kosa mwezi wa pili na likawa kosa mwezi wa nane. Bati halikubadilika. Kilichobadilika ni nini?

Jibu nililolifikia ni hili. Tunapotengeneza kitu nyumbani, matengenezo hayamo ndani ya kitu chote. Nusu yake imo kichwani mwa aliyetengeneza. Breki ya baba ilikuwa salama kwa kiasi chake kwa sababu ya bati pamoja na gurudumu kufunguliwa kila mwisho wa mwezi, pamoja na gia ya kwanza mteremkoni, pamoja na kukataa abiria wa pili. Hivyo vyote pamoja ndivyo vilivyokuwa breki. Nilipouza, niliuza bati nikabaki na tahadhari. Kijana aliondoka na nusu ya breki akilipa bei ya nzima.

Nadhani jambo hili ni la vyombo vingi vilivyomo majumbani mwetu. Jenereta ambayo lazima uifunike tundu la hewa kwa kiganja ndipo iwake. Injini ya kusagia nafaka ambayo mwenyewe anajua isiachwe bila kutazamwa kipimo cha maji. Redio inayopigwa kofi upande wa kushoto. Kila nyumba ina vitu vinavyofanya kazi kwa sababu mtu fulani anajua namna ya kuishi navyo, na mtu huyo akiondoka, kitu kinaharibika siku hiyohiyo ingawa hakijaguswa. Kwa redio ni kichekesho.

*

Kuna pingamizi linaloniuma zaidi kuliko hilo la Diogenes. Jirani yetu mmoja ana pikipiki ambayo hajawahi kuifungua hata mara moja. Inapogoma anaisukuma hadi kwa fundi, analipa, anaondoka. Akiiuza kesho na kusema "iko sawa", dhamiri yake ni safi kama ya baba mdogo. Mimi niliyejifunza, niliyechafuka, niliyekaa miezi minne na unyasi wa ufagio, ndiye ninayedaiwa. Je, ni haki kwamba ujuzi uongeze deni? Binamu yangu mdogo alipoyasikia haya alisema kwamba basi yeye hatafungua kitu chochote, asije akajua.

Alitania, lakini W. K. Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika juu ya watu wa aina hiyo mwaka 1877. Anasimulia juu ya mwenye meli kuukuu, iliyotengenezwatengenezwa mara nyingi, ambaye ana wasiwasi nayo kabla haijasafiri na watu. Anajituliza: imeshapita dhoruba nyingi, itarudi na safari hii. Mpaka anaamini kweli, anaiaga kwa moyo mwepesi, na inapozama baharini analipwa bima yake bila kusema neno. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Zaidi ya hayo, anasema, hata kama meli ingefika salama, hatia isingepungua.

Kwa hiyo ukimya wa jirani wangu si safi kama nilivyodhani. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakupata nafasi ya kujua, na kuna kutojua kwa mtu aliyegeuza uso. Baba mdogo namweka mahali fulani katikati. Hakujua, lakini hakusema "sijui". Alisema "iko sawa kabisa", na neno hilo, lilivyotumika pale uani, halikuwa taarifa. Lilikuwa dhamana. Katika Kiswahili cha mpakani mtu akisema "iko sawa" hasemi tu kwamba kitu kina hali fulani. Anasema "nishike mimi". Baba mdogo alitoa dhamana juu ya kitu ambacho hajawahi kukitazama ndani, na aliitoa akitegemea kwamba mimi huenda sokoni na kurudi. Alikuwa akitegemea tahadhari zangu bila kujua kwamba zipo.

Hata hivyo sitaki kumtwika mzee wa watu mzigo wangu. Kuna jambo ambalo nilichelewa kulikiri. Nilijiambia kwamba sikuulizwa, na ni kweli. Lakini kwa nini sikuulizwa? Kwa sababu kijana yule hakuweza kufikiri kwamba msichana mwenye sinia ndiye fundi, na baba mdogo hakuona haja ya kumwambia. Miaka yote nilikuwa nikikasirishwa na jambo hilo. Dukani kwa vipuri niliombwa nimwite kaka yangu, na sina kaka. Mafundi wa senta walinieleza vitu nilivyovijua kana kwamba ni mtoto. Siku ile, kwa mara ya kwanza, dharau hiyo ilinifaa, nami nikaitumia. Nilikuwa na mafuta meusi chini ya kucha, nikazificha chini ya sinia. Kama ningetaka kusema tu kwamba sikuulizwa, nisingekuwa na sababu ya kuficha kucha. Nikirudi kwa Cicero, huko ndiko kutaka wasijue.

Limebaki suala la umaskini, na wengi watasema ndilo suala lenyewe. Kama kila mtu angetaja kila kasoro, hakuna chombo kingeuzika katika nchi zetu, kwa kuwa karibu vyote vinatembea kwa bati la namna fulani. Kusema ukweli kungepunguza labda shilingi 200,000, na kwa wiki ile pesa hiyo ilikuwa ni jicho moja la baba. Sidharau hesabu hiyo. Niliifanya mwenyewe usiku kabla ya mnunuzi kufika. Lakini hesabu yangu ilikuwa na watu wachache mno. Nilimweka baba, nikajiweka mimi, nikamweka mnunuzi kama mtu mzima anayejitafutia. Sikuwaweka watakaoketi nyuma yake. Mama anayepelekwa kliniki, mtoto wa shule aliyebanwa katikati, hao hawakuja uani kwetu kukagua moshi wala kupatana bei. Sidhani nililazimika kutaja kila mkwaruzo. Nati moja ya taa iliyokatika uzi, kiti kilichoshonwa, hayo mnunuzi atayaona na yakimkera atanilaani, basi. Niliyolazimika kuyataja ni yale yanayoweza kuua na yale ambayo mikono yangu yenyewe ilikuwa imeyafunika. Breki ilikuwa yote mawili.

*

Siku ya nne nilipanda boda kwenda kumtafuta. Nikiwa nyuma ya dereva nisiyemjua, kwenye mteremko uleule wa mtoni, niligundua kwamba siwezi kumwuliza ndani ya dramu yake kuna nini. Hakuna abiria anayeuliza hivyo. Tunapanda tu.

Nilimkuta stendi, akisubiri zamu yake. Nilimweleza kila kitu. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mbona hukuniambia, dada?"

Nikajibu jibu ambalo nililiandaa njia nzima: "Hukuniuliza."

"Nilijuaje kama wewe ndiye wa kuulizwa?"

Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka leo sina. Tulifungua gurudumu palepale chini ya mti, madereva wengine wakituzunguka. Bati la upande mmoja lilikuwa imara. La pili lilikuwa limesuguka na kung'aa ukingoni, mkunjo umeanza kufunguka. Sitasema kwamba lilikuwa karibu kuchomoka. Pengine lingekaa miezi miwili zaidi. Alikuwa ameshabeba abiria siku nne.

Kuna karakana mjini yenye mashine ya kuchonga chuma, nao waliweza kupachika pete mpya ndani ya dramu kwa shilingi 90,000. Nilikuwa na 60,000 za kununulia godoro la chuo. Alizichukua, akaongeza 30,000 zake, nami sijui hadi leo kama mgawanyo ule ulikuwa wa haki. Nadhani alinionea huruma, na huruma ya mtu uliyemdanganya ni chungu kidogo. Kisha akasema, "Haya, niambie mengine." Nikamwambia mengine manne, pamoja na sili ya krenki. Mawili alikuwa ameshayagundua.

Baba mdogo aliposikia alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema nimemfanya mwongo mbele ya mtu baki. Nilimweleza kwamba yeye alisema alichokiamini. Akanijibu: "Nilisema ninachokijua. Wewe umekwenda kusema nisichokijua, na sasa maneno yangu yamegeuka." Kimantiki hana haki, kwa kuwa kauli ya jana haigeuki kuwa uongo kwa sababu ya ukweli wa leo. Lakini naelewa alichopoteza. Jina lake ndilo lililotolewa dhamana uani, na ni mimi niliyekwenda kuivunja bila kumwomba ruhusa. Nilipaswa kwenda naye. Au nilipaswa kumwambia kabla mnunuzi hajafika, na hili ndilo ambalo mpaka sasa sijaweza kulieleza vizuri, kwa nini sikumwambia hata yeye.

Baba alirudi kutoka hospitalini juma lililofuata, jicho moja limefungwa bandeji. Nilimkalisha kwenye kigoda. Aliuliza bei, nikamtajia. Akauliza mnunuzi ni mtu wa wapi. Kisha akauliza, "Lile bati ulilitoa?"

"Nililitoa."

"Kabla, au baada?"

"Baada."

Alikaa kimya, uso wake umeelekea upande wa ghala ambako pikipiki ilikuwa ikisimama. Halafu akaniomba nimletee redio.